Njiti Haikuungua

Jumamosi kwetu ilianza kwa mkaa. Kabla sijanawa uso vizuri Mama alikuwa ameshaniita mara mbili kutoka uani, na mara ya tatu hakukuwa na "mwanangu" wala upole wowote ndani yake: "Wewe! Kalibu itajipasha yenyewe?" Nilikuwa darasa la sita, nina miaka kumi na miwili, na tayari nilikuwa na kazi. Wenzangu Jumamosi walilala mpaka jua liwachome miguu kitandani. Mimi nilikuwa nachochea jiko huku nanung'unika, maana kunung'unika hakukatazwi ukiwa unafanya kazi.

Karakana yetu ilikuwa huko huko uani, chini ya paa la mabati lililoinuliwa upande mmoja ili moshi upate njia. Mama aliirithi kwa babu. Tulikuwa tunayeyusha alumini kwenye tanuri: sufuria zilizotoboka, vipande vya injini, fremu za madirisha, chochote tulicholetewa na waokota vyuma. Ikishayeyuka, inamiminwa ndani ya kalibu. Kalibu ni chuma kizito cha vipande viwili, na ndani yake mmechongwa umbo la kitu unachotaka. Unasubiri kidogo, unaifungua, unakitoa kitu chako kwa koleo kikiwa kimeshaganda. Miezi ile tulikuwa tunatengeneza mikono ya breki za viti vya magurudumu, vile vya watu wasioweza kutembea. Kila mkono ulikuwa na urefu wa kiganja na tundu moja karibu na mwisho, pa kupitishia bolti.

Mmiminaji alikuwa Mjomba, kaka mkubwa wa Mama. Mtaani walimwita Taratibu. Alikula taratibu, alitembea taratibu, na ukimsimulia kichekesho leo, alikicheka kesho. Lakini akishika upawa wenye alumini ya moto alikuwa mtu mwingine kabisa. Mkono wake haukutikisika. Alumini ilishuka kwa mkondo mmoja tu, haukatiki wala haurukiruki, mpaka kalibu ijae.

"Hii haitaki woga wala pupa," aliniambia siku moja, akinionyesha kalibu ikiwa wazi. "Ukiimimina kwa pupa inaruka, inameza hewa, na hewa ikishaingia mle haitoki. Utaona vitundu kama vya mkate. Ukisitasita inapoa njiani. Sasa tazama hapa penye tundu. Alumini ikifika hapa inagawanyika. Nyingine inapita kulia, nyingine kushoto, halafu zinakutana upande wa pili. Zikikutana zina moto zinakuwa kitu kimoja. Zikikutana zimeshapoa, mpwa wangu, zinagusana tu. Kwa nje utaona kamstari kembamba kama unywele, basi. Ila ukipatia nguvu, hapo ndipo panapoachia."

Ndiyo maana kalibu lazima ipashwe kwanza kwenye jiko la mkaa iwe ya moto kabla ya kumiminiwa, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Hatukuwa na kipimo cha dukani. Tulikuwa na ufagio. Unachomoa njiti moja kavu, unaigusisha ndani ya kalibu, unahesabu moja, mbili, tatu. Ikigeuka kahawia na kutoa moshi, kalibu iko tayari. Kwa kuwa Mjomba akishachota hawezi kukaa anangoja, aliuliza tu kwa sauti, "Njiti?" nami nikajibu, "Imeungua!" Papo hapo akamimina. Hakugeuka kunitazama. Mambo yalikuwa hivyo tangu enzi za babu, na Mama alipokuwa na umri wangu, yeye ndiye aliyekuwa akimjibu kaka yake.

Kuna jambo jingine, na bila hilo hamtanielewa. Zamani Mjomba alikuwa mlevi. Simsengenyi, mwenyewe alikuwa akilisema bila kuficha. Pombe ilimfikisha mahali mkewe akabeba watoto wao mapacha na kuhamia ng'ambo ya mji. Mke wake huyo, tuliyezoea kumwita Mama Mapacha, hakugomba wala hakutukana. Alisema neno moja tu: Mjomba akikaa miaka miwili kamili bila kuonja hata tone, yeye na watoto watarudi. Mjomba akaacha. Miaka miwili ilikuwa inatimia shule zikifungwa, na zilikuwa zimebaki wiki sita. Alikuwa ameshapaka chumba rangi ya kijani kwa sababu mapacha walitaka kijani. Alikuwa ameunda kitanda cha chuma cha ghorofa, na magodoro mawili madogo yalikuwa juu yake, bado yako kwenye nailoni zake.

Sasa nije kwenye Jumamosi yenyewe. Tulikuwa na mikono arobaini ya kumalizia, na fundi wa viti angeifuata mchana. Mimi nilikuwa na mechi ya mpira wa pete saa sita. Mjomba alikuja jino linamuuma, shavu limefura kama ameficha embe ndani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Kila baada ya muda alikwenda kusukutua kwa dawa aliyopewa, na ile dawa ilinuka, jamani, ilinuka mpaka mlangoni. Tukafanya kazi mpaka saa nne, tukaenda kunywa chai.

Tuliporudi nilikuta jiko langu limebaki jivu. Nilitakiwa kuongeza mkaa kabla ya chai, nami sikuongeza. Gunia lilikuwa stoo, nyuma ya nyumba. Nikienda kuchota, nikichochea upya, nikisubiri kalibu ishike moto, ni nusu saa nzima. Wakati huohuo wenzangu wamesimama langoni wanapiga miluzi: "Mfungaji! Unakuja au tutafute mwingine?" Nusu saa! Niliigusa kalibu nikiwa nimevaa glavu, nikajiambia ni vuguvugu, itatosha. Nikaifunga, nikaiweka mahali pake.

"Njiti?" Mjomba akauliza, amekunja uso kwa maumivu.

"Imeungua!" nikajibu.

Njiti yenyewe sikuwa hata nimeichomoa kwenye ufagio.

Mkono wa kwanza ulitoka na mstari. Niliuona, nisiwadanganye. Mstari mwembamba, upande wa pili wa tundu, palepale Mjomba aliponionyesha, na kingo zake zilikuwa zimeviringika kama zimelambwa. Siku nyingine Mjomba angeupokea huo wa kwanza na kuutazama kwenye mwanga, lakini siku ile alikuwa ameshika shavu, ameniachia mimi. Wa pili ukatoka na mstari, na wa tatu, na wa nne. Kalibu ilikuwa ikipata moto kidogo kidogo kutokana na alumini yenyewe, kwa hiyo kufikia wa tisa ilikuwa imeshapona. Mibovu ikawa minane.

Kulikuwa na wakati wa kusema. "Mjomba, hii minane irudi kwenye tanuri." Maneno sita tu, na hakuna ambaye angekufa. Lakini kuyeyusha upya ni saa nzima, na miluzi ilikuwa inaendelea langoni. Kazi ya kupiga tupa na msasa nayo ilikuwa yangu. Nikaichukua ile minane, nikaisugua kwenye mstari mpaka mstari ukapotea machoni. Iling'aa kuliko mingine yote thelathini na miwili. Mama alipopita akaushika mmoja, akasema, "Leo umefanya kazi ya mtu mzima." Niliona aibu kidogo. Ilinitoka nilipofika uwanjani.

Siku ya kumi na moja, jioni, fundi wa viti alikuja. Hakupiga hodi kama kawaida yake. Alisimama katikati ya karakana, akafungua kitambaa, na ndani yake mlikuwa na mkono wa breki umekatika vipande viwili penye tundu. Kwenye mfuko mwingine alikuwa na mingine yote, ameirudisha.

"Mteja wangu alikuwa anashuka mtelemko," alisema. "Akavuta breki, ikambakia mkononi. Kiti kimemkimbiza mpaka ukutani. Amevunjika mkono, na yule ni mshonaji. Miguu hana, sasa na mkono hana. Niambieni mnayeyusha nini humu, alumini au makaratasi?"

Mama aliuchukua ule mkono uliovunjika, akaushika tu. Alimgeukia Mjomba. "Kaka, hii imekuwaje?"

"Kalibu ilikuwa baridi," alisema Mjomba.

Mama akanigeukia mimi. Watu watatu wakawa wananitazama. "Wewe. Uliipasha kalibu?"

"Niliipasha."

"Baada ya chai?"

"Ndiyo."

"Njiti iliungua?"

"Iliungua, Mama."

Kumbe uongo ni mwepesi namna hiyo! Nilidhani utanikwama kooni. Ulitoka kama salamu. Mama alishusha pumzi, akamtazama kaka yake kwa namna ambayo sijawahi kuiona, wala sitaki kuiona tena.

"Siku ile macho yako yalikuwa mekundu," alisema. "Na ulikuwa unanuka."

"Jino, mdogo wangu. Lilikuwa jino, na ile dawa."

"Leo jino. Zamani ilikuwa malaria. Kila siku kuna kitu, kaka. Umeanza tena, sema tu. Mkono ulikutetemeka, ukasita katikati ya kumimina, na mtu wa watu amevunjika."

Alilisema hilo mbele ya fundi wa viti, na fundi wa viti ni mtu mwenye mdomo. Mjomba aligeuza kichwa. Alinitazama mimi. Hakunikazia macho wala hakunitisha, alikuwa anangoja tu, kama alivyokuwa akingoja jibu akiwa na upawa mkononi. Nikaangalia jivu. Akafungua aproni yake ya ngozi taratibu, akaitundika, akatoka. Hata kwaheri hakuaga.

Nyumba ikawa chungu. Mama alimimina mwenyewe, hasemi na mtu. Habari zilikwenda mji mzima kwa siku tatu: Taratibu karudi kwenye chupa, kamvunja mshonaji mkono. Kila aliyesimulia alitia chumvi yake, mpaka nikasikia dukani kuwa alisinzia akaangukia tanuri. Siku ya tano Mama Mapacha alituma ujumbe wa maneno mawili: "Hatuji tena." Mama alipousoma alikaa juu ya ndoo akalia. Mimi nikaanza kuumwa tumbo, silali, sili. Mama akaninywesha dawa ya minyoo. Minyoo gani? Nilikuwa na kitu tumboni, ndiyo, lakini dawa yake haiuzwi dukani.

Mama hakuwa akiongea na kaka yake, lakini hakukubali alale na njaa. Siku moja baada ya shule alinipa chakula kwenye bakuli lenye mfuniko. "Mpelekee. Ukifika weka, urudi." Nilikwenda miguu mizito, nikiomba nikute mlango umefungwa.

Mlango ulikuwa wazi. Mjomba alikuwa amepiga magoti sakafuni, anakifungua kile kitanda cha mapacha. Nguzo mbili zilikuwa zimeshalala ukutani, na magodoro yamesimamishwa pembeni, nailoni bado haijatoka. Chumba hakikunuka pombe. Kilinuka rangi mpya tu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Weka hapo. Njoo unishikie hii bolti, inazunguka."

Nikaishika. Nikauliza, "Unakiuza?"

"Nawapelekea. Wanalala chini kule, na sakafu ya kule ina unyevu. Kama hawaji kwenye kitanda, basi kitanda kiende kwao." Alizungusha spana mara mbili tatu, kisha akaacha. Akaunyoosha mkono wake wa kulia mbele ya uso wake, akautazama, vidole vimetandazwa.

"Nikuulize kitu," alisema. "Siulizi kwa ugomvi, na sitakwenda kwa mama yako. Nataka tu nijue. Njiti iliungua kweli?"

Niliikaza mikono kwenye ile bolti.

"Kwa sababu kama iliungua, basi ni mimi. Sikunywa, Mungu anajua, lakini huenda zile za zamani zimeshaniharibu. Huenda mkono ulisita na sikuuhisi. Tangu siku ile nikishika kikombe nautazama. Nimeanza kuuogopa mkono wangu mwenyewe, mpwa wangu. Mtu anayeuogopa mkono wake atafanya kazi gani?"

Niliweza kuvumilia Mama asiongee. Niliweza kuvumilia hata maneno ya dukani. Lakini mtu mzima, tena mmiminaji ambaye sijaona mwingine kama yeye, anakaa sakafuni anauogopa mkono wake kwa sababu mimi nilitaka kuwahi mpira? Nikaangua kilio. Nikasema yote, nimeishika ile bolti bado: jivu, miluzi, njiti ambayo haikuguswa, mikono minane, tupa, msasa.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atanipiga, na ningefurahi, kusema kweli. Alifumba macho. Kisha akachukua spana, akaitoa bolti iliyobaki kutoka mkononi mwangu.

"Nenda nyumbani," alisema.

"Mjomba, nisamehe."

"Nimesema nenda nyumbani."

Nilimwambia Mama kabla hata sijavua viatu. Nilisema haraka ili woga usinipate. Mama aliinuka, akaenda karakanani, akachukua kile kitambaa cha fundi wa viti kilichokuwa juu ya meza ya kazi tangu siku ile, akavitoa vipande viwili na kwenda navyo penye mwanga.

"Njoo uone," aliniita. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Hapa palipochanika kweli panametameta, kama sukari. Na hapa je?"

"Pamefifia. Pana rangi ya kijivu, ni laini."

"Hapa hapakuwahi kushikana. Upande wa pili wa tundu, na kingo zimeviringika. Hiyo ni kalibu baridi, haina ubishi. Mkono wa mmiminaji ungesita, mstari ungekuwa umezunguka kitu chote, kama alama ya maji kwenye pipa." Akavirudisha mezani. "Nimeifanya kazi hii tangu utoto. Hiki kipande nilikishika mkononi siku ile ile, na sikukitazama. Nilikuwa naangalia macho ya kaka yangu."

Hakunichapa. Alisema tu, "Vaa viatu vyako," ingawa nilikuwa bado nimevivaa.

Kwanza tulikwenda kwa Mjomba. Mama alipiga magoti mlangoni, jambo ambalo kwa mdogo mbele ya kaka yake si la ajabu, lakini Mama si mtu wa kupiga magoti. Mjomba alimwinua. "Mimi usiniambie kitu," alisema. "Mimi sasa najua mkono wangu ni mzima, inanitosha. Mwambieni mama watoto."

Mama Mapacha alitupokea kwa heshima na uso mkavu. Alitupa viti, akatupa maji, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Zamani, kabla sijazaliwa, yeye ndiye aliyekuwa akipiga tupa karakanani kwetu. Mama hakuongea mengi. Alimpa vile vipande viwili. Mama Mapacha akavigeuza, akapitisha kidole gumba palipofifia, akavigeuza tena.

"Baridi," alisema.

"Baridi," Mama akajibu.

"Nani alikuwa kwenye kalibu?"

"Mimi," nikasema.

Alimrudishia Mama vile vipande. "Wanangu walikuwa wameshafunga mabegi yao," alisema. "Wiki sita kabla ya safari, watoto wa miaka saba wamefunga mabegi, kila siku wanayafungua wanayapanga upya. Niliyafungua mimi. Nikawakalisha chini nikawaambia baba yenu ameanza tena. Nilitumia siku nzima kutafuta namna ya kulisema hilo. Mimi siwezi kwenda kusema kinyume chake kwa maneno yangu, nimechoka. Wako chumba cha pili. Nenda ukawaambie wewe."

Nilimtazama Mama anisaidie. Mama alitazama ukuta.

Mapacha walikuwa sakafuni wanachora kwenye daftari moja, kila mmoja kwenye ukurasa wake. Walifurahi kuniona, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Nikakaa nao chini. Nikawaambia baba yenu hakulewa. Hakuonja hata tone. Nilisema uongo mimi, watu wakadhani ni yeye.

"Kwa nini ulisema uongo?" aliuliza mmoja, yule asiye na meno ya mbele.

"Nilitaka kuwahi mechi."

Wakatazamana. Yule wa pili akauliza, bila kejeli yoyote, kama mtoto anavyouliza habari za mpira, "Mlishinda?"

"Tulishinda," nikasema.

"Aa," alisema, akarudi kwenye kuchora kwake. Hakuna mtu mzima aliyewahi kunichapa kwa nguvu kama ile.

Mambo yalinyooka, lakini hayakunyooka kwa siku moja. Mikono arobaini iliyeyushwa upya, yote, pamoja na ile mizuri, kwa sababu hakuna aliyetaka kubahatisha. Kwa mshonaji nilikwenda kila siku, baada ya shule na hata likizoni, kufagia na kuchota maji mpaka plasta ilipotolewa. Miezi miwili, na mpira wa pete nikausahau. Siku ya kwanza nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza, akaniambia nianze na vyombo. Mama alizunguka na mimi kwa fundi wa viti, dukani, kwa majirani, nikasema kwa mdomo wangu. Wengine walisikitika. Wengine walisema, "Haya, tumesikia," huku wanakonyezana, na mpaka leo wapo wanaoamini Mjomba alikuwa amelewa na mimi nimefundishwa cha kusema. Hao sina la kuwafanya.

Mama Mapacha alirudi, akachelewa mwezi mmoja. Kitanda, ambacho Mjomba alikuwa ameshawapelekea kule, kilirudi kabla yao, na Mjomba alikifunga bolti mwenyewe, hakuniita. Amerudi pia karakanani. Anamimina vilevile, kwa mkondo mmoja. Lakini haulizi tena njiti. Kabla ya kuchota anakuja mwenyewe, anachomoa njiti yake, anaigusisha kwenye kalibu, anahesabu, hata kama nimeshaigusisha mimi mbele ya macho yake. Ananisalimia vizuri, hajawahi kunisema vibaya. "Mpwa wangu" ndiyo sijaisikia tena.

Jumamosi iliyopita uvumilivu ulinishinda. Mjomba alipokwenda kunawa, nilimwambia Mama, "Nimeomba radhi kwa kila mtu. Nimesema ukweli wote. Anataka nifanye nini tena? Mpaka lini?"

Mama alikuwa anaengua povu kwenye tanuri. Hakuacha kazi.

"Ulipokosea kuchochea jiko, kosa lilikuwa dogo," alisema. "Lilikuwa lako peke yako. Ungelisema papo hapo tungechelewa saa moja, ungekosa mechi, ungelia, basi. Ulipolificha likaanza kuchukua watu: mshonaji, mjomba wako, wale watoto. Likanichukua na mimi, kwa sababu nilikuwa na shaka yangu moyoni dhidi ya kaka yangu, na uongo wako uliikuta imekaa tayari. Hilo langu nitalibeba mwenyewe. Lako ni hili. Kuomba radhi ilikuwa kazi yako, na umeifanya. Kukuamini ni kazi yake. Hiyo huwezi kumfanyia, wala huwezi kumwambia aharakishe. Atakuamini siku atakayoweza, na huenda asiweze."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Pasha kalibu vizuri," alisema Mama. "Kila siku. Hata akirudia kuipima, wewe uwe umeshaipasha."

Mjomba alikuwa anarudi, anafuta mikono. Nikachukua beleshi nikaenda stoo kuchota mkaa.